Ramani ya Karatasi Imekuwa Vekta Chafu: Tafuta Kosa Lilipozaliwa

Umeskani ramani, umeendesha programu, na kilichotoka ni mistari iliyokatika, iliyojirudia, iliyoota miiba kila kona. Kabla hujashika mausi uanze kuvuta nodi (vituo vya mstari) mojamoja, jiulize kosa limezaliwa hatua gani. Ramani huanzia kwenye skana, huchujwa rangi, hugeuzwa nyeusi na nyeupe, hukondeshwa hadi kila mstari ubaki na upana wa pikseli moja, kisha ndipo huwa vekta, yaani mistari inayoshikwa kwa koordineti badala ya pikseli, na kupewa miinuko na majina. Uchafu mwingi unaouona kwenye vekta ulikuwepo tayari kwenye picha. Kwenye picha unasafishika maelfu kwa mkupuo mmoja. Kwenye vekta utausafisha mmoja mmoja hadi jua lizame. Kwa hiyo mwongozo huu utakurudisha nyuma mara nyingi kuliko utakavyopenda.

Mifano yangu ni ya karatasi za 1:50,000, mfululizo wa Y742 wa Tanzania na Y731 wa Kenya, kwa kuwa ndizo wengi wetu tunazohangaika nazo. Karatasi moja hubeba dakika 15 kwa 15 za latitudo na longitudo, yaani nchi yenye upande wa karibu kilomita 27 na nusu iliyobanwa kwenye sentimita 55. Milimita moja ni mita 50. Hesabu hiyo itarudi tena na tena. Zana ni programu ya ramani QGIS pamoja na GRASS inayoambatana nayo, na GIMP, programu ya picha, kwa kufuta na kuchora. Zote ni za bure.

Usijaribie kwenye karatasi nzima. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 mahali pagumu kuliko pote, pale mteremko mkali, msitu na maandishi vinapogombania nafasi. Wengi hujaribia kwenye tambarare, wakafurahi, kisha wakafika mlimani na kuanza upya.

Kila mstari umetoka mara mbili

Ukisogelea, kontua moja (mstari unaounganisha mahali penye mwinuko ule ule) imekuwa mistari miwili inayokwenda sambamba na kukutana mwishoni. Programu imefuata kingo za wino, haikufuata kiini chake. Kwake ule si mstari. Ni eneo refu jembamba lenye wino, na eneo lina mzingo. Hiki ndicho hutokea ukitumia Polygonize ya rasta (picha ya pikseli) ndani ya QGIS, au Trace Bitmap ya Inkscape, programu ya kuchora, katika hali yake ya kawaida, ambayo hutegemea Potrace. Potrace ni stadi wa nembo na michoro ya kujazwa rangi. Kontua si kazi yake.

Futa hayo yaliyotoka. Usijaribu kutafuta mstari wa katikati ndani ya maelfu ya poligoni (maumbo yaliyofungwa) zilizokwisha kuzaliwa. Rudi kwenye picha nyeusi na nyeupe, ikondeshe kwa r.thin ya GRASS, kisha igeuze kwa r.to.vect ukichagua aina ya mstari. Inkscape kuanzia toleo la 1.0 nayo ina chaguo la kufuata kiini cha mstari, na kwa mchoro mdogo linatosha. Kwa karatasi nzima itakuchosha.

Hapa kuna mtego unaonasa karibu kila mgeni wa GRASS. Kukondesha hufanya kazi juu ya seli zote zenye thamani, na sifuri ni thamani. Ikiwa weupe wa karatasi umeandikwa 0 na wino 1, programu itakondesha vyote pamoja, na utapata utando usioelezeka. Kwanza geuza sifuri kuwa utupu kwa r.null. Na r.to.vect ikilalamika kwamba rasta haijakondeshwa sawasawa, iamini: kuna mabonge ya pikseli mahali fulani, na mara nyingi ni herufi au alama za majengo zilizoponyoka kwenye uchujaji wa rangi.

Mistari imekatika vipande vipande

Malalamiko haya ni mengi kuliko yote, na sababu zake zinatofautiana sana. Usiguse kizingiti (kiwango cha giza kinachoamua kipi ni wino na kipi ni weupe) wala kichujio kabla hujatazama imekatikia wapi.

Ikiwa kontua nyembamba zimekatika kila mahali na zile nene za kila ya tano ziko salama, skani yako ni hafifu. Mstari mwembamba kwenye karatasi hizi una upana wa kama milimita 0.1 hadi 0.15. Ukiskani kwa nukta 200 kwa inchi, pikseli moja ni milimita 0.127, hivyo mstari mzima unabebwa na pikseli moja, na pale unapoangukia katikati ya mbili unakuwa kivuli cha rangi ya chai iliyozidi maziwa. Kwa nukta 300 pikseli ni milimita 0.085, ambazo ni mita 4.2 ardhini. Kwa 400 mambo huanza kutulia. Mimi huskani kwa 400 na hupanda hadi 600 penye milima, nikijua kwamba karatasi ya sentimita 55 kwa 55 katika 600 ni pikseli kama 13,000 kila upande, na faili la rangi lisilobanwa hufika karibu megabaiti 500. Kuikuza picha hafifu ndani ya programu hakusaidii kitu, kwa sababu wino usiosomwa na skana haurudi.

Angalia pia aina ya faili. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa ilichokiona hakina maana ndani ya kila mraba, na kwa bahati mbaya kontua nyembamba ni mojawapo. Ukikuza na kuona ukungu wa vijiraba kando ya kila mstari, faili limepita JPEG mahali fulani hata kama sasa jina lake linaishia na .tif. Omba skani ya kwanza kabisa, iliyohifadhiwa kama TIFF yenye mbano usiopoteza kitu, LZW kwa mfano.

Mistari ikikatika upande mmoja wa karatasi tu, au kando ya mkunjo, kosa ni kizingiti kimoja kilichotumika kwa karatasi nzima. Upande uliopigwa na jua ukutani mwa ofisi miaka na miaka hauna weupe ule ule wa upande uliokuwa kivulini, na mkunjo una kivuli chake. Kizingiti cha kujitafutia chenyewe, kama kile cha Otsu cha 1979, hutafuta namba moja inayotenganisha giza na mwanga wa picha nzima, na hapa namba hiyo moja haipo. Tumia kizingiti kinachohesabiwa mtaa kwa mtaa, au punguza kwanza tofauti ya mwanga: tengeneza nakala ya picha iliyofifishwa mno hadi mistari yote ipotee, kisha gawanya picha halisi kwa nakala hiyo.

Mistari ikikatika ndani ya kijani tu, umekutana na uchapaji. Kijani chepesi cha msitu mara nyingi si wino uliotandazwa. Ni nukta nukta ndogo zilizopangwa safu kwa safu, na kahawia ya kontua inapita juu yake. Kwa macho ya kompyuta kahawia juu ya kijani ni rangi nyingine kabisa, nyeusi zaidi na isiyo na wekundu ule. Dawa ni mbili na zinakwenda pamoja. Kwanza fifisha picha kidogo sana, kwa kiasi cha nukta hizo tu, ili kijani kiungane. Pili, usichuje kwa mwanga pekee. Chukua sampuli za kahawia juu ya weupe na sampuli za kahawia juu ya kijani kama aina mbili tofauti, acha uainishaji uzipate kila moja kivyake, kisha ziunganishe kuwa rasta moja. Wanaochuja kwa kubofya rangi moja na kuongeza uvumilivu hadi msitu uingie, huishia na kontua zenye nyasi.

Imebaki ile hali ambayo hakuna kichujio kitakusaidia: mstari umekatikia chini ya barabara, chini ya jina la kijiji, au pale ilipoandikwa namba ya mwinuko. Wino wa kontua haupo hapo au umefunikwa. Watu hukimbilia v.clean, chombo cha GRASS cha kusafisha vekta, na kuiambia iunganishe ncha zote zilizo karibu. Fanya hesabu kwanza. Nafasi ya namba ya mwinuko ni kama milimita 4, sawa na mita 200. Kontua ya jirani kwenye mteremko iko mita 20 kutoka hapo. Ukiweka umbali wa mita 200, kila ncha itamrukia jirani kabla ya kumpata mwenzake wa ng'ambo. Mashimo haya hufungwa kwa mkono, na ni rahisi zaidi kuyafunga kwenye picha, kwa penseli ya GIMP yenye upana wa pikseli mbili, kuliko kwenye vekta. Anza na kontua nene zenye namba. Zikishakamilika, nyembamba zilizo katikati yake hujionyesha zinakoelekea.

Kontua zimeshikana

Hili ni kinyume cha lile la juu, na ukirekebisha moja kwa pupa unaliamsha jingine. Kontua mbili zilizo jirani zimeungana kwa daraja dogo, na vekta inapita kutoka moja kwenda nyingine kama herufi H.

Penye mwachano wa mita 20 za mwinuko kati ya kontua, mteremko wa nyuzi 45 unaweka mistari umbali wa milimita 0.4 kwa kila mmoja. Toa wino wa milimita 0.15, unabaki na weupe wa milimita 0.25, ambazo ni pikseli tatu kwa nukta 300. Hapo bado unapumua. Panda hadi nyuzi 60, kama kwenye magenge ya Usambara, na umbali huo unashuka hadi milimita 0.23. Weupe uliobaki ni milimita 0.08: pikseli moja tu, na hiyo moja imekwisha kuchafuliwa na wino wa pande zote mbili. Kizingiti chochote utakachoweka hapo kitakosea upande mmoja au mwingine.

Kwa hiyo, skani eneo hilo peke yake kwa 600, hata kama karatasi nzima ulishaiskani kwa 400. Kaza kizingiti kwa eneo hilo tu hadi mistari ianze kukatika kidogo, kwa maana mkatiko mfupi huonekana na hufungika, ila daraja hujificha kati ya mistari hadi siku unapotengeneza sura ya nchi (modeli ya miinuko) na kuona mlima una kovu. Usitumie kabisa vichujio vya kuziba mashimo hapa. Vinafanya kazi nzuri tambarare na kuharibu mlimani, kwa kuwa weupe kati ya kontua mbili nao ni shimo jembamba machoni pa kichujio.

Penye genge lenyewe, mchoraji wa ramani mwenyewe aliziacha baadhi ya kontua nyembamba na kubakiza nene, au alizifunga zote kwenye alama ya jabali. Usizibuni. Acha ziishie pale alipoziishiza, na uandike kwenye safu ya maelezo kwamba zimekatwa na genge.

Miiba na vipete

Miiba ni vijistari vifupi vinavyochomoza pembeni mwa mstari. Vipete ni viduara vidogo vilivyokaa juu ya mstari wenyewe. Vyote viwili hutoka kwenye kukondesha, lakini asili zake ni tofauti. Mwiba hutokana na ukingo wa wino usio laini: kila kijinundu pembeni hukondeshwa kuwa tawi. Kipete hutokana na tundu dogo jeupe ndani ya wino, maana kukondesha kunaheshimu matundu na kuyazunguka.

Laini ukingo na ziba tundu kabla ya kugeuza sifuri kuwa utupu na kukondesha. Kwenye GRASS, r.neighbors kwa njia ya thamani inayojirudia zaidi, dirisha la 3, mara moja au mbili, huondoa vyote kwa wingi. Kisha kondesha tena. Vitakavyobaki ndivyo unavyopeleka kwenye v.clean na chombo chake cha rmdangle, ukitoa umbali wa kama upana wa mstari mara mbili. Kwa wino wa milimita 0.15 hiyo ni mita 15. Ukienda mita 100 utafuta miiba yote pamoja na vijito vyote vifupi vya juu milimani, na hutajua kama vilikuwepo.

Kama v.clean haikufuta kitu chochote, au imefuta karibu kila kitu, angalia vipimo vya eneo lako la kazi. Ukiwa kwenye latitudo na longitudo, 15 inasomwa kama nyuzi 15, na nyuzi 15 zinameza Tanzania yote kutoka mpaka hadi mpaka.

Mistari yenye umbo la ngazi ni jambo dogo. Ni alama ya pikseli, na v.generalize inaimaliza: kata kwanza nodi zilizozidi kwa njia ya Douglas ukiweka uvumilivu wa pikseli moja, mita 4 kwa skani ya 300, kisha lainisha kwa Chaiken. Ila tazama tena mlimani. Uvumilivu ukiwa mkubwa, kontua mbili zinakatizana, jambo lisilowezekana ardhini.

Mistari ni safi lakini haikai mahali pake

Soma namna ilivyosogea, maana kila kosa lina nyayo zake.

Karatasi nzima imesogea kwa kiasi kile kile, karibu mita 300 kaskazini na kidogo magharibi mwa picha ya setilaiti: umesoma koordineti za Arc 1960, mfumo wa koordineti wa ramani hizi, kutoka kwenye gridi ya ramani na kuiambia programu kwamba ni WGS 84, mfumo wa GPS. Ramani hizi zimejengwa juu ya Arc 1960 na elipsoidi ya Clarke ya 1880. Namba sahihi za EPSG (orodha ya utambulisho wa mifumo ya koordineti) ni 21035, 21036 na 21037 kwa kanda za UTM 35, 36 na 37 Kusini. Ile 32737 ambayo wengi huichagua kwa mazoea ni ya WGS 84. Tiba ni kuipa leya mfumo wake wa kweli. Kuigeuza kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ni hatua ya baadaye kabisa, na ukiigeuza kabla ya kuipa mfumo wa kweli, unachapa kosa kwa wino mpya.

Imeruka mamia ya kilomita mashariki au magharibi: kanda si yake. Mpaka wa kanda ya 36 na 37 ni longitudo ya nyuzi 36 Mashariki. Dodoma iko 36, Morogoro na Arusha 37, na Kigoma iko 35. Imeruka kilomita 10,000: umechanganya Kusini na Kaskazini ya ikweta, kosa la kawaida zaidi Kenya, ambako Kisumu ni 36 Kusini na Eldoret, si mbali sana, ni 36 Kaskazini yenye namba 21096. Imetua baharini kwenye Ghuba ya Guinea: faili halina koordineti kabisa, na programu inasoma pikseli kana kwamba ni namba za dunia. Mara nyingi mtu ameifungua GeoTIFF ndani ya GIMP, akafuta vumbi, akahifadhi, na GIMP, hasa toleo la zamani, ikaiacha taarifa ya mahali nje. Ndiyo maana nashauri kusafisha kwanza na kuweka koordineti baadaye. Faida nyingine ni kwamba kunyoosha picha huandika pikseli upya na kuzifanya za kijivu pembezoni. Ukilazimika kunyoosha picha iliyokwisha kuwa nyeusi na nyeupe, chagua njia ya jirani wa karibu.

Kona moja imekaa sawa na nyingine imepotea: hapo tatizo ni alama zako za kufungia (mahali ulipoipa picha koordineti), au karatasi. Usifunge kwa kona nne pekee. Gridi ya kilomita moja inakupa misalaba kila sentimita 2. Chagua 20 hivi iliyotawanyika, pamoja na zile kona. Anza na mnyoosho wa daraja la kwanza (unaosogeza, kuzungusha na kutanua picha bila kuipinda) na tazama mabaki ya kila alama, yaani umbali ambao bado haijafika mahali pake. Kwenye 1:50,000, mabaki ya mita 10 hadi 15, yaani milimita 0.2 hadi 0.3, ni ya kawaida. Alama moja ikiwa na mita 1,000 kamili, umekosea kusoma namba ya gridi. Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka upande mmoja kuliko mwingine, na daraja la kwanza huimudu hali hiyo.

Ramani iliyokunjwa vibaya au iliyopigwa kwa simu ni habari nyingine. Kwa hizo utashawishika kutumia Thin Plate Spline, mnyoosho unaoipinda picha kama mpira, na wakati mwingine ni lazima, lakini fahamu tabia yake: huipitisha picha juu ya kila alama uliyoweka, kwa hiyo mabaki yake husoma karibu sifuri hata kama umeandika namba ya uongo. Hakiki alama zote kwa daraja la kwanza, ndipo uhamie huko. Na kama bado una uwezo wa kuipata karatasi yenyewe, irudishe kwenye skana ya bapa. Picha ya simu ina mpindo wa lenzi ambao hakuna sababu ya kuubeba.

Viwanja havifungi

Mistari inaonekana kukutana, lakini programu inagoma kutengeneza poligoni, au inatengeneza moja kubwa kwa mtaa mzima. Ncha zimeachana kwa sentimita chache, au mstari umepitiliza kidogo. Iunganishe kwa snap yenye umbali mdogo kuliko kiwanja chembamba kuliko vyote, kata mistari inapokatizana, futa vilivyojirudia, kisha tengeneza poligoni. Tahadhari na jina: QGIS ina Polygonize mbili, ya rasta na ya mistari ya vekta, na hapa unataka ya pili. Mpaka wa majirani wawili uchorwe mara moja tu. Ukichora kila kiwanja peke yake utapata vipande vyembamba vya ardhi visivyo na mwenyewe.

Ila kabla ya yote tazama kama kuna haja ya kuchora. Ramani ya upimaji inayobeba koordineti za bikoni, au pembe na umbali wa kila upande, isichorwe juu ya skani kamwe. Wino wa milimita 0.2 kwenye 1:2,500 ni nusu mita ardhini, na watu wamepelekana barazani kwa kasoro ya nusu mita. Namba zimeandikwa pale; ziingize kwa kibodi, na uangalie kama ni za mita au futi. Mchoro wa mipango miji usio na vipimo ndio unaostahili kufuatwa kwa mkono.

Miinuko haiendi sawa

Mistari imekamilika, umeipa miinuko, na sura ya nchi inatoka na ngazi, mashimo na kuta. Kwanza ondoa shaka ya vipimo: karatasi za zamani zina kontua za futi, mara nyingi kila futi 50, ambazo ni mita 15.24. Mwachano umeandikwa chini ya ramani. Nchi iliyotoka juu mara tatu na kidogo kuliko ilivyo imehesabiwa futi kana kwamba ni mita.

Zana zinazoongeza mwinuko zenyewe ukivuka mistari kwa mkato mmoja huokoa muda mwingi, na hudanganya penye mabonde yaliyofungwa. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, au ukingoni mwa ziwa Ngozi kule Rungwe, unapanda hadi ukingo kisha unashuka, lakini zana inaendelea kuhesabu kwenda juu. Tazama mito: ncha ya V ya kontua inapovuka mto huelekea mto unakotoka. Ikielekea mto unakokwenda, namba zimegeuzwa, au huo si mto.

Kisha linganisha na SRTM, vipimo vya rada vilivyochukuliwa Februari 2000 vyenye pikseli za kama mita 30. Toa sura yako kwenye ile. Msituni rada iliona vilele vya miti zaidi kuliko udongo, hivyo usishtuke SRTM ikiwa juu kwa mita kadhaa. Unachotafuta ni tofauti yenye umbo la kontua: ukanda mwembamba unaofuata mteremko na kuishia ghafla. Huo ni mstari wenye namba isiyo yake.

Na ukikuta kontua mbili jirani zinapishana kwa mita 40 badala ya 20, usikimbilie kubadili namba ya yoyote. Washa skani chini ya vekta na ufuate pengo hilo pande zote mbili. Mara nyingi namba zote mbili ni sahihi. Kontua ya katikati yao imeunganishwa na jirani yake kwa daraja la pikseli moja, sentimita chache kutoka hapo, penye mteremko mkali.